Weusi wa vyungu vya Ugiriki ya kale: uji wetu wa udongo unatoka hudhurungi, kosa liko wapi?

Mwalimu wa Sanaa, Jinja

Salaam wakuu. Tunaandaa vigae vya mazoezi kwa wanafunzi wa kidato cha tano (S.5). Mada ni vyungu vya Ugiriki ya kale: taswira nyeusi (maumbo meusi juu ya udongo mwekundu) na taswira nyekundu (maumbo mekundu, weusi ukiwa nyuma yake). Udongo ni wa bondeni, ukichomwa unakuwa mwekundu vizuri. Tulilegeza udongo huohuo kwa maji, tukauchuja kwa kitambaa chepesi, tukaupaka kwa brashi na kuchoma kwenye joko la kuni hadi digrii 850 hivi. Mwishoni tukaziba matundu na kutia majani mabichi. Kigae kizima kikatoka kijivu cheusi, palipopakwa na pasipopakwa hapatofautiani. Mara ya pili hatukuziba kitu: vyote vyekundu, na palipopakwa ni hudhurungi hafifu isiyong'aa.

Nina maswali mawili. Wagiriki waliwezaje kupata nyeusi na nyekundu kwenye chungu kimoja? Na wanafunzi wakitaka kutambua kipindi cha chungu, waanze kutazama nini? Picha za vitabuni zinawachanganya.

Joko la Mukono

Mwalimu, uchomaji wenu wa kwanza ulikosa awamu ya tatu, na wa pili ulikosa ya pili na ya tatu. Lakini hata mngezikamilisha zote, uji huo, yaani udongo mlioulegeza kwa maji, ungewaangusha. Kwa hiyo tuanze na uji.

Nyeusi ya Athens si rangi. Ni udongo wenye chuma kama ule wa chungu chenyewe, ila umebakizwa chembe laini mno, nyingi zikiwa chini ya mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita). Chembe hizo zikipata moto huyeyuka kidogo na kushikana kuwa ngozi nyembamba kama kioo. Mwili wa chungu una chembe kubwa, kwa hiyo hubaki na vinyweleo na hewa hupita. Tofauti hiyo ndiyo siri yote. Kitambaa hakiwezi kuitenganisha, kinachotenganisha ni maji na muda.

Pima maji ya mvua lita 10. Saga udongo mkavu kilo 1, uloweke humo usiku kucha, kisha utie magadi gramu 3 hadi 5 yaliyoyeyushwa kwa maji ya moto. Koroga sana na uache ndoo mahali pasipotikiswa. Magadi hufanya chembe zisukumane badala ya kugandana. Ukiona maji ya juu yamekuwa maangavu kabisa baada ya saa chache, ujue zimegandana na zote zimezama, ongeza magadi kidogo na ukoroge tena. Usitumie chumvi ya kula wala ya ziwa Katwe badala ya magadi, maana chumvi hugandisha. Kama magadi hamna, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya matooke yanafaa, yana potashi nyingi. Yatieni kijiko kwa kijiko mkitazama.

Sasa muda. Katika maji ya nyuzijoto 25, chembe ya mikroni 1 hushuka kama sentimita 8 kwa siku. Kwa hiyo baada ya saa 24 sentimita 8 za juu zina chembe laini tu. Zivuteni kwa mrija mwembamba wa mpira, msimimine, kwa sababu kumimina huamsha tope la chini. Maji hayo yaacheni yapungue juani au kwenye moto mdogo mpaka lita moja iwe na uzito wa gramu 1,150 hadi 1,200. Msishangae kilo nzima ikiwapa gramu 50 hadi 100 tu za uji wa kufaa.

Jambo linalowapata wengi huku kwetu: udongo mwingi wa nchi zenye mvua na joto ni wa aina ya kaolini, na huo hauyeyuki kwenye digrii 900. Udongo wa Athens ulikuwa na madini ya ilaiti, yenye potasiamu ndani yake, na potasiamu ndiyo inayoyeyusha. Jaribuni udongo wa sehemu tatu au nne, hasa wenye vimeta vya mika na unaogeuka mwekundu mzito ukichomwa. Uji mzuri hung'aa hata kabla ya moto: pakeni juu ya kigae kilichokauka nusu, subirini ukauke, mpitishe kidole. Ukibaki kama vumbi la ukuta, huo si wenyewe.

Uchomaji ni mmoja, wenye awamu tatu:

Kwanza, hewa wazi, polepole hadi 800. Chini ya digrii 120 msikimbilie, maji yaliyobaki ndani hupasua. Hapa kila kitu ni chekundu.

Pili, zibeni matundu, tieni kuni mbichi, na moto upande hadi 900 au 950. Shikilieni dakika 20 hadi 30. Moshi huo una kaboni monoksidi inayonyang'anya chuma oksijeni yake, na chuma chekundu kinageuka cheusi, mwilini na kwenye uji. Wakati huohuo uji unajifunga kama kioo. Ninyi mliishia 850, haukufunga. Gesi hiyo inaua bila harufu, kwa hiyo joko liwe nje na watu wakae upande upepo unakotoka.

Tatu, zibueni matundu joto likiwa karibu 900 na liacheni lishuke. Oksijeni inarudi kwenye mwili kupitia vinyweleo na mwili unakuwa mwekundu tena. Kwenye uji haipenyi, basi weusi unabaki umefungiwa. Mkizibua kwa kuchelewa, joko likiwa limepoa, mwili hubaki kijivu. Mkirefusha awamu hii kwenye moto mkali, weusi huanza kuliwa kuanzia kingoni, mahali uji ulipo mwembamba.

Msikisie. Wagiriki walikata vipande vya vyungu vilivyoharibika, wakavitoboa tundu, wakavipaka uji na kuviweka karibu na dirisha la joko ili wavivute kwa ndoano na kutazama. Vipande hivyo vimefukuliwa. Wekeni sita: viwili kwa kila awamu.

Kasuku wa Mbarara

Naongezea pale pa weusi, kwa sababu wanafunzi watauliza kuhusu vyungu vya nyumbani. Weusi uko wa aina tatu na usichanganywe. Kuna weusi wa moshi: chungu kinatolewa motoni kikiwa cha moto na kufunikwa kwa nyasi, masizi yanaingia kwenye vinyweleo. Kuna weusi wa grafiti (madini meusi laini kama ya penseli) unaosuguliwa, kama ule wa vyungu vya kifalme vya Buganda na Bunyoro, wenye mng'ao wa kifedha. Na kuna huu wa Wagiriki, ambao ni chuma ndani ya kioo.

Namna ya kuutambua wa kwanza: chukua kigae chenye weusi wa moshi, kichome upya hewa ikiwa wazi mpaka kiwake chekundu kwa dakika chache. Masizi yataungua na kigae kitarudi rangi yake. Cha Kigiriki kitabaki cheusi. Kufanya hivyo darasani kunafundisha kuliko maelezo ya ukurasa mzima. Wala msiseme mmoja ni wa juu na mwingine wa chini. Kusugua grafiti mpaka chungu kiwe kama chuma ni ustadi kamili kwa njia yake.

Mchoraji wa Ntinda

Swali la pili nalipenda. Waambie wanafunzi wasianze na hadithi iliyochorwa. Waanze na kifaa kilichochora.

Mistari yenye umbo la kijiometri, miduara iliyopangwa ndani kwa ndani bila kukosea hata unywele? Hiyo ni bikari iliyofungwa brashi kadhaa pamoja. Vyungu hivyo ni vya kuanzia kama 1050 KK hadi karibu 700 KK. Mwishoni mwa kipindi hicho ndipo watu wanajitokeza: kifua pembetatu, kichwa nukta, kiuno kama cha nyigu. Mtungi mkubwa wa Dipylon, makaburi ya Athens, wa kama 750 KK, una kimo cha mita 1.55 na uliwekwa juu ya kaburi, sehemu ya maombolezo ikiwa imebana katikati ya mikanda ya mapambo.

Mikwaruzo myembamba iliyokatwa kwa ncha kali ndani ya umbo jeusi, ikifunua udongo chini yake? Ni taswira nyeusi. Wakorintho waliianzisha karibu 700 KK baada ya kuona wanyama na maua ya mashariki. Udongo wao ni wa njano hafifu, na hiyo pekee hutofautisha chungu cha Korintho na cha Athens, ambacho ni cha rangi ya chungwa. Athens waliichukua na kuifikisha mbali. Ngozi ya wanawake ilipakwa nyeupe ya udongo mweupe juu ya uji mweusi, na nguo zikapata zambarau ya uji uliochanganywa na oksidi ya chuma. Nyeupe hiyo hubanduka kirahisi, kwa hiyo mwanamke mwenye uso mweusi kwenye picha huenda amepoteza rangi yake tu. Wamtazame Exekias, mchoraji wa vyungu wa Athens, hasa mashujaa Akile na Ayaksi wakicheza mchezo wa kete, kazi iliyoko Vatican: joho zao zimekwaruzwa nyuzi kwa nyuzi, na mkono uliotetemeka mara moja haurekebishiki.

Kisha karibu 525 KK mambo yanageuka. Mchoraji anaacha umbo liwe rangi ya udongo na kupaka weusi nyuma yake. Vyungu vingine vya miaka hiyo vina upande mmoja wa mtindo wa zamani na upande wa pili wa mtindo mpya, mada ileile. Vinafaa sana kwa darasa.

Faida ya mabadiliko haya ni brashi. Ncha ya chuma hukata mstari wa unene mmoja, brashi hutoa mistari mitatu. Uji mzito hutoa mstari ulioinuka unaoguswa kwa kidole, na wa kawaida hutoa mstari bapa. Uji uliotiwa maji hutoa hudhurungi ya asali kwa misuli na nywele. Mwalimu, hudhurungi yako ya bahati mbaya wao waliitengeneza kwa makusudi! Kwa mazoezi: chora rasimu kwa kijiti butu udongo ukiwa mbichi nusu, zungushia umbo ukanda mweusi wa milimita 3, halafu ndipo ujaze nyuma. Ukijaza bila ukanda huo, brashi pana itakula vidole na pua.

Mtego mmoja. Amfora (mitungi yenye mikono miwili) za zawadi za mashindano ya Panathenaia huko Athens, zilizojazwa mafuta ya zeituni, ziliendelea kuchorwa kwa taswira nyeusi hata karne ya 4 KK. Mwanafunzi akiona nyeusi tu akaandika karne ya 6, atakosa.

Mwalimu wa Sanaa, Jinja

Asanteni sana, mmenifungua macho. Je, sanamu zinaingiaje hapa? Mtaala unaziweka sura tofauti, kana kwamba watu walikuwa wengine.

Mchoraji wa Ntinda

Wafundishe pamoja, Mwalimu. Hazina ya watu wa kisiwa cha Siphnos, jengo dogo la kuwekea sadaka pale patakatifu pa Delphi, ilijengwa muda mfupi kabla ya 525 KK, na michongo yake ndiyo inayosaidia kukadiria lini taswira nyekundu ilianza, kwa kuwa mikunjo ya nguo na mikao inalingana. Tena nyuma ya watu waliochongwa pale pamepakwa buluu, yaani umbo hafifu mbele ya giza, wazo lilelile la mtungi.

Kwa mwili, wafuate uzito. Sanamu za vijana wa karne ya 6 KK husimama miguu yote miwili ikibeba sawa, mmoja mbele, mabega na nyonga zimelala kama rula. Katika vyungu, vivyo hivyo: kifua kinatutazama, miguu ya upande. Kufikia kama 510 KK mchoraji wa vyungu Euthymides anachora walevi wanaojipinda na kuonyesha mgongo kwa mshazari, na anaandika kando kwamba mchoraji mwenzake Euphronios hakuwahi kufanya hivyo. Miaka kama 30 baadaye, katika marumaru, sanamu ya kijana anayeitwa wa Kritios anaegemea mguu wa kushoto, goti la kulia linalegea na nyonga inainama. Waambie wanafunzi wasimame vivyo hivyo kabla ya kuchora.

Na wakiona kisiki cha mti kimegandana na mguu wa sanamu ya marumaru, wahisi kwamba ni nakala ya Kirumi ya sanamu ya shaba nyeusi. Shaba yenye uwazi ndani husimama kwa vifundo vyake, jiwe huvunjika hapo.

Mwalimu wa Sanaa, Jinja

La mwisho: vile vigae 40 vilivyoharibika nivitupe?

Joko la Mukono

Usivitupe. Vya uchomaji wa pili, vile vyekundu, virudishe jokoni na mpitie awamu zote tatu, safari hii hadi 930. Chuma hubadilika tena na tena ilimradi mwili haujafunga vinyweleo. Uji wenu wa zamani hautang'aa, ila nusu ya kila kigae ipakeni uji mpya mwembamba, tabaka mbili. Ukibanduka kama magamba, ni kwa sababu kigae kilichochomwa hakisinyai tena ilhali uji unasinyaa, basi upunguzeni unene. Vile vya kijivu vichomeni hewa wazi hadi 850 kwanza, vitarudi vyekundu, halafu viunganeni na wenzao.