Wakuu, dola inanimaliza. Nifunge kiwanda cha sabuni au nivumilie?

Mise wa Ujiji: Habari za jioni wakuu. Nina kiwanda kidogo cha sabuni ya mche hapa Ujiji, vijana wanne. Mawese na mise (kiini cha mbegu ya mchikichi) nanunua hapahapa Kigoma, kwa hiyo watu wanadhani dola hainihusu. Ila kostiki soda, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, inatoka nje ya nchi. Desemba 2024 nilichukua mifuko 40 ya kilo 25 kwa tajiri mmoja wa Dar, mali kauli, dola ikiwa kwenye 2,400. Leo ni Mei 2025, dola inakaribia 2,700, naye anataka alipwe kwa bei ya leo. Nimeshakoroga mapipa 15. Nikipandisha bei, akina mama wanahamia sabuni ya unga. Nikipunguza mche wanajua, wanaupima kwa kiganja tu. Nawasilisha.

Kaka wa Kibirizi: Tangu Machi 2025 ni marufuku kutoza kwa dola humu nchini. Kamshtaki.

Mise wa Ujiji: Risiti ni ya shilingi mkuu. Ila kabla hajaiandika anachungulia simu kuangalia dola. Nikimshtaki, mzigo ujao nachukua kwa nani?

Mama Kiduhu: Pole mwanangu. 2024 dola ilipopita 2,600 nilikuwa na kigenge karibu na stesheni. Kila kitu kikapanda, wateja wakapanda na hasira. Mume wangu akasema tufuge bata. Bata wakaibwa, naye akaondoka wiki hiyohiyo. Mpaka leo sijui yupi alimfuata mwenzake.

Mhasibu Tabora: Tuache bata. Kutoka 2,400 hadi 2,700 ni asilimia 12 na nusu. Inauma, lakini haifungi kiwanda. Hela ya mauzo iko wapi?

Mise wa Ujiji: Ipo.

Mhasibu Tabora: Ipo wapi?

Mise wa Ujiji: Sawa. Nauza Bujumbura, wananilipa faranga. Nimezifunga vibunda kwa mipira, zipo kwenye sanduku la bati chumbani kwa mama tangu Februari. Bei ya benki kule na bei ya mtaani ni mbingu na ardhi. Nikizibadili kwa vijana wa mwaloni leo nakula hasara, ndiyo maana nasubiri faranga ipande.

Mhasibu Tabora: Faranga, benki kuu ya Burundi ilishaishusha thamani Mei 2023. Tangu hapo umeiona ikipanda?

Mise wa Ujiji: Shilingi yetu je? Katikati ya 2024 si ililala chini, Desemba ikaamka? Hela ni hela mkuu, haiozi.

Ustaadh Mwanga: Ukilala na hela badala ya kuizungusha, baraka inaondoka. Lipa deni la watu.

Fundi Koroga: Wakuu hii chai, na sukari imezidi. Mimi nakoroga sabuni mwaka wa sita. Pipa la lita 200 la mawese linakula kilo 25 za kostiki, yaani mfuko mmoja. Mapipa 15, mifuko 15. Hiyo mifuko 25 iliyobaki iko wapi? Ukiimwaga yote humo, wateja wako wangekuwa hospitali wamebabuka mikono. Huyu hajawahi kushika mwiko.

Kaka wa Kibirizi: 😂😂 Nilishaanza kumwonea huruma.

Mama Kiduhu: Mimi hata sasa namwonea.

Fundi Koroga: Mleta mada, tunasubiri.

Mise wa Ujiji: Mwiko nimeshika kabla yako. Hiyo 25 haikukorogwa, ilivuka ziwa ikiwa mifuko. Kule kostiki imeadimika, walinipa bei ambayo sabuni hainipi hata nikoroge mwaka mzima. Hela ya sandukuni ndiyo hiyo.

Mhasibu Tabora: Kwa hiyo umekopa mali ya dola, hujalipa, ukaiuza kwa faranga, na faranga umeiweka ndani miezi mitatu.

Mise wa Ujiji: Ukiisema hivyo inaonekana mbaya.

Mama Kiduhu: Mwanangu, mama yako anajua kilichomo humo sandukuni?

Mise wa Ujiji: Anajua ni vitenge.