Tupeane uzoefu: Kisumu hadi London au New York ni saa ngapi hasa?

Wadau, wanaosafiri kutoka huku ziwani tumwagieni hesabu. Ukitafuta Nairobi–London unaambiwa kilomita 6,800 na ushei. Sasa mtu wa Kibos, hapa Kisumu, atoke nyumbani saa ngapi? Hadithi wekeni kando, leteni namba.

Jirani wa Mamboleo: Kilomita hizo ni za njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia. Ukizigawa kwa kasi ya 900 kwa saa, unapata saa saba na nusu hivi, lakini tiketi itasema karibu tisa. Ratiba huhesabu tangu ndege inasukumwa kutoka getini hadi inapoegeshwa. Humo mna kutambaa kwenda kuruka, kupanda, kukwepa anga iliyofungwa, na kuzungushwa juu ya London kungoja zamu, maana Heathrow, uwanja mkuu wa huko, una njia mbili tu za kuruka na kutua.

Kisumu–Nairobi ndiyo inachekesha: kilomita 280 hivi, lakini dakika 45 hadi 50. Kabla ndege haijashika kasi vizuri, tayari inashuka.

Mzee wa Ratiba: Saa za kwenye tiketi ni za mji husika. Mfano wa New York wakati wa baridi: unaondoka Nairobi saa tano usiku, unafika saa kumi na mbili asubuhi. Saa saba? La. Ongeza nane za tofauti ya saa kati ya miji hiyo, ni 15. Kurudi, ukiondoka saa sita mchana unatua Nairobi saa nne asubuhi ya kesho yake: 22 toa nane, 14. Upepo wa juu huvuma kutoka magharibi, kwa hiyo kurudi unasukumwa. Kati ya Machi na Novemba Wamarekani husogeza saa mbele, tofauti inabaki saba.

Dada wa Milimani: Wengi hukwama Nairobi, si angani. Kwanza, hakikisha ndege ya Kisumu inatua JKIA, uwanja wa Jomo Kenyatta zinakoondokea ndege za ng'ambo. Nyingine hutua Wilson, uwanja mwingine wa Nairobi, na hapo utavuka mji na foleni yake ukiwa na mabegi. Pili, kata tiketi moja. Ukikata mbili na ya kwanza ichelewe, ya pili imekwenda na pesa zako. Kaunta ya Kisumu soma lebo ya begi kabla halijaondoka kwenye mkanda: ikiandikwa NBO (alama ya JKIA) peke yake, begi linaishia Nairobi, itabidi ulichukue ukalikabidhi upya.

Jirani wa Mamboleo: Hapo kweli, Dada. Niongeze: chukua ndege ya asubuhi hata kama unaondoka Nairobi usiku. Radi za alasiri hapa ziwani huchelewesha ndege, na kungoja JKIA kutwa nzima ni nafuu kuliko tiketi mpya. Kwenye tiketi mbili, mimi singekubali pengo chini ya saa sita.