Mrejesho: Mungu aliye nyuma ya sarafu yangu ya Kirumi

Niliuliza ni mungu gani aliye nyuma ya sarafu yangu ya Kirumi ya shaba nyeusi, na niisafishe vipi. Nawashukuru nyote. Niliacha wazo la kuisafisha kwa ndimu kama mlivyonionya, nikailoweka wiki tatu katika maji yaliyokenekwa (yale ya kuongezea betri, si asidi) na kuondoa udongo kwa kijiti cha meno, hadi yakasomeka maneno ya Kilatini SOLI INVICTO COMITI (kwa Jua Lisiloshindwa, mwenzi wa kaisari) yakimzunguka mungu Jua, mwenye taji la miale, mkono wa kulia ameuinua na wa kushoto umeshika tufe. Aliyesema ni ya Konstantino, kaisari wa Roma, alipatia. Kumbe aliendelea kumweka Jua kwenye sarafu miaka kadhaa baada ya ushindi wake wa vita vya mwaka 312, unaohusishwa na kugeukia kwake Ukristo. Alama ya mji ilikotengenezwa, hata hivyo, niliikosa: nilikwangua kwa pupa, herufi zikabanduka pamoja na kutu.