Mrejesho: Mama na muziki baada ya kiharusi

Ndugu zangu, niliuliza kama mama yangu, aliyepooza upande wa kulia kwa kiharusi, anaweza kufanya mazoezi kwa kucheza muziki. Asanteni kwa majibu.

Mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo kwa mazoezi) hapa Kampala aliruhusu kwa masharti: presha ipimwe kwanza, mtu asimame upande dhaifu, na mkono ule usivutwe, maana bega lililolegea huteguka kirahisi. Mama alianza akiwa kitini, kisha akawa anashika meza na kuhamisha uzito mguu hadi mguu.

Rumba ya Kikongo ndiyo iliyomfaa. Bakisimba, ngoma ya kwao Buganda, inadai kiuno na nyayo kwa pamoja, kwa hiyo anaicheza kwa mabega tu (na kuringa haachi!). Mdundo wa rumba unauambia mguu lini unyanyuke. Ukizima redio, mguu unaanza kuburuta. Mtaalamu anasema ubongo hupanga hatua kwa kufuata mdundo, na marudio ndiyo huujenga upya.

Vidole bado vimejikunja, hapo muziki haujasaidia kitu. Dawa za presha anameza kama kawaida. Aliyeuliza kuhusu bibi yake wa Jinja: ondoeni mkeka sakafuni kabla hamjaanza.