Nibadili riali zangu sasa au nisubiri? Naomba ushauri

Mgeni wa Ruwi: Ndugu zangu, nafanya kazi Maskati na nina akiba ya riali 4,000. Kila nikipita kwenye duka la kutuma fedha nakuta kiwango cha shilingi ya Tanzania kimebadilika ubaoni. Je, nizibadili zote sasa, au nisubiri shilingi ishuke?

Karani Mstaafu: Mwanangu, riali haichezi. Imefungwa kwenye dola, riali moja kwa dola 2.6008, tangu Januari 1986, Oman ilipoishusha thamani wakati bei ya mafuta ikiporomoka. Kabla ya hapo ilikuwa dola 2.895. Inayocheza ni shilingi yetu, ambayo huachwa ifuate soko, na Benki Kuu huingia kuuza au kununua dola inapoyumba mno. Sisi tulioshika daftari za benki miaka ya themanini tunaikumbuka bei rasmi ya ukutani na ile ya pili iliyonong'onwa uchochoroni, hadi maduka ya kubadilisha fedha yaliporuhusiwa mwaka 1992.

Mama Chapati: Nunua mbuzi, mwanangu, yeye hana kiwango cha siku. Lakini fedha hizo ni za nini hasa?

Mgeni wa Ruwi: Ni za kiwanja, mama. Nusu nimekwisha kulipa, na muuzaji anaitaka iliyobaki kwa dola kabla ya mwezi kwisha. Msinilaumu, viwanja vya barabarani havisubiri.

Wakili wa Kibarazani: Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutaja bei kwa fedha za kigeni nchini. Huyo muuzaji anakuingiza matatani.

Shahidi: Mimi naona hadithi hii ina tundu. Ikiwa deni ni la dola, na riali 4,000 ni kama dola 10,403 leo na kesho, shilingi inakunyima usingizi kwa lipi? Umeitunga.

Mgeni wa Ruwi: Sijatunga. Dola ni makubaliano ya mdomo. Mkataba umeandikwa shilingi, kwa kiwango cha siku ya malipo, na muuzaji ni shemeji yangu.

Karani Mstaafu: Basi ni dola iliyovaa kanzu ya shilingi. Shilingi ikishuka, deni linapanda nayo, kwa hiyo kusubiri hakukupi kitu. Linganisha tu makato ya maduka mawili matatu.

Mgeni wa Ruwi: Nimekuelewa, mzee. Hata hivyo Alhamisi nitatuma nusu tu, nione.

Shahidi: Nusu tena? Tuwekee picha ya stakabadhi, jina la shemeji ukilifunika.