Shoti ya dukani ikatwe kwa wafanyakazi wote?

Wakuu, hili tulizungumze waziwazi. Kariakoo na kwingine hapa Dar kuna mtindo uliozoeleka: mzigo ukihesabiwa mwisho wa mwezi ikaonekana shoti, yaani upungufu, na mwizi hajulikani, tajiri anaigawa kwa wafanyakazi wote na kuikata kwenye mishahara. Wanaoutetea wanasema ndiyo dawa pekee, kila mmoja atamchunga mwenzake. Mimi napinga.

Sitetei wizi. Anayepitisha katoni mlango wa nyuma anamfilisi mtu aliyekopa benki kuleta mzigo, na duka likifungwa hata wasioiba wanarudi mtaani. Kifungu cha 271 cha Kanuni ya Adhabu kinamhusu hasa mtumishi anayemwibia mwajiri wake. Ushahidi ukiwepo, apelekwe polisi.

Ila shoti si lazima iwe wizi. Mzigo huweza kushushwa pungufu ukaandikwa kamili. Na mara nyingi funguo za stoo anazo pia ndugu wa tajiri, ambaye hakatwi hata shilingi. Anayebebeshwa ni kijana wa kaunta, mwenye mshahara wa kula na nauli tu. Huo ni uonevu.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, haimruhusu tajiri kujikatia hasara anavyotaka. Mfanyakazi akubali kwa maandishi, hasara iwe imetokana na kosa lake mwenyewe, aandikiwe chanzo chake na hesabu yake, apewe nafasi ya kuipinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Kugawana kwa vichwa hakumo.

Halafu tazameni matokeo. Mtu akikatwa miezi mitatu mfululizo kwa kitu ambacho hakuchukua, anaanza kujiambia: nisipoiba nalipa, nikiiba nalipa. Hapo tajiri ametengeneza mwizi ambaye hakuwepo. Waaminifu ndio wanaotangulia kuacha kazi, wanabaki waliojua namna ya kufidia makato yao.

Na wewe uliyefukuzwa kwa tuhuma tupu, siku za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni 30 tu. Usizimalize kwa kumbembeleza bosi.

Wenye maduka mlioacha kugawa shoti, tuambieni mlifanya nini badala yake. Mnahesabu mzigo kila jioni, au kila mtu mmemkabidhi rafu yake na daftari lake?