Tupeane uzoefu: kuulizia bei duka kwa duka kabla ya kununua chaja, fleshi na pawabenki

Mdau wa Temeke
Wadau, habari za kazi. Tukitaka friji tunazunguka hata wiki nzima kuulizia bei, lakini chaja au fleshi tunachukua duka la kwanza. Na hivi vitu vidogo ndivyo tunavyonunua kila mara. Nikiwa Kariakoo naanzia mtaa wa Aggrey, naulizia tu, halafu napanda ghorofani. Juzi ekstensheni ya matundu manne, kampuni ile ile: fremu ya barabarani 18,000, ya pembeni yake 15,000, juu kwa muuza jumla 11,000. Huyo wa barabarani kodi ya fremu lazima airudishe kwa mteja. Nyie mnafanyaje?

Binti Mbagala
Mimi siongozani na winga, yule dalali anayekupokea mtaani. Akikupokea Msimbazi anakupeleka duka analolijua yeye, na cha juu chake kishaingia kwenye bei. Sina ubaya nao, ni riziki, na mgeni asiyejua mitaa wanamsaidia sana. Ila kebo ya 5,000 ikiongezwa 2,000, hapo umeumia.

Mama Kayole
Huku Nairobi ni Luthuli Avenue. Napiga picha ya boksi kwa duka la mtaani, nikifika mjini nauliza hiyo hiyo, si "inayofanana". Kama tofauti ni bob mia na nauli ya matatu inaimeza, nanunua hapa kwa jirani. Yeye ikiharibika namrudishia jioni hiyo hiyo.

Fundi wa Mwanza
Naongeza jambo moja, bei ikiwa chini mno kuliko maduka mengine yote, shtuka. Naletewa fleshi zimeandikwa 64GB, kompyuta nayo inaonyesha 64GB, kumbe chipu ya ndani ni 8GB. Mteja anajaza picha za harusi, zikifika 8GB zinazofuata hazifunguki tena. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw: inaiandika fleshi mpaka ijae, kisha inaisoma upya na kukuambia ukubwa wa kweli. Inachukua muda, kwa hiyo patana na muuzaji kabla hujalipa kwamba ikigoma unairudisha, na uchukue risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Bila risiti huna pa kushika.

Pawabenki nazo msilinganishe mAh (kipimo cha chaji) peke yake. Hiyo 10,000mAh ni ya betri ndani, volti 3.7. Ikitoka kwenye USB kwa volti 5 inabaki 7,400 kwa hesabu, na nyingine inapotea kwa joto. Tafuta palipoandikwa Wh, yaani nishati yenyewe, volti ikiwa imeshahesabiwa. Ya 10,000mAh ni kama 37Wh. Boksi lililoandikwa 50,000mAh na mkononi ni jepesi kama simu, rudisha kwenye shelfu.

Mwalimu wa Moro
Asante fundi. Na adapta ya laptop? Kila duka wananiuliza laptop ni kampuni gani, na bei inabadilika kwa jina hilo.

Fundi wa Mwanza
Mwalimu, usitaje kampuni. Soma kibandiko cha adapta ya zamani: volti zilingane, mfano 19.5V kwa 19.5V, ampea ziwe sawa au zaidi, na pini iingie. Nenda na hiyo ya zamani mkononi, ulizia kwa namba hizo maduka matatu au manne. Ila kuna laptop zinazoitambua adapta yake na kugoma kuchaji kwa nyingine, kwa hiyo beba na laptop yenyewe uijaribu hapo hapo kaunta.